Kaniki, Kanga na Kanzu: Nguo Zilivyompima Mtu Katika Pwani ya Afrika Mashariki

Neno mwungwana lina maana mbili katika Kiswahili. Ya kwanza ni mtu aliyezaliwa huru, ambaye yeye na wazazi wake hawakuwahi kumilikiwa na mtu. Ya pili ni mtu mwenye adabu: mpole wa maneno, mwenye haya, ajuaye kuketi na watu. Katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki, hadi mwisho wa karne ya 19, maana hizo mbili hazikutengana. Aliyezaliwa huru alihesabiwa kuwa na tabia njema tangu tumboni mwa mama, na mtumwa alihesabiwa kuwa hana, hata pale matendo yao yaliposema kinyume. Kwa kuwa nasaba haionekani usoni, watu waliisoma kwenye nguo. Kofia, kanzu, viatu, shela na rangi ya shuka vilimwambia mpita njia huyu ni nani, asalimiwe vipi, akaribishwe barazani au asimame uani. Historia ya mavazi ya pwani ni historia ya hukumu hiyo: nani alipewa heshima kabla hajafungua kinywa, nani alinyimwa, na walionyimwa waliitwaaje.

Desturi ya kumpima mtu kwa nguo ni ya kale katika miji hiyo. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alifika Mogadishu, na siku ya Ijumaa akaletewa nguo kutoka kwa mtawala wa mji: kitambaa cha hariri cha kufunga kiunoni, vazi la kitani la Misri, joho na kilemba. Alizivaa, ndipo akaenda na wenyeji wake msikitini na kuonana na mtawala. Mwaka 1498 Wareno wa Vasco da Gama walipofika Malindi walimkuta mfalme amevaa joho la hariri lililopambwa kwa atlasi ya kijani na kilemba cha thamani. Katika magofu ya Kilwa wachimbaji wa mambo ya kale wamepata vigurudumu vidogo vya udongo vilivyotumika kusokotea uzi wa pamba, ushahidi kwamba watu wa pwani walijifumia nguo zao wenyewe. Na Mreno mwingine, Duarte Barbosa, aliandika mwanzoni mwa karne ya 16 kwamba wafumaji wa Sofala walifumua vitambaa vya rangi kutoka Cambay, Bara Hindi, wakachukua uzi wake na kuuchanganya na uzi wao mweupe, kwa sababu wao hawakujua kutia rangi ile. Mtu hafumui nguo nzima kwa ajili ya uzi wa buluu ila pale ambapo rangi ina maana kubwa machoni pa watu.

Karne ya 19 ndiyo iliyoikaza desturi hiyo ikawa kama ukuta. Seyyid Said, sultani wa Omani, aliyahamishia makao yake Unguja, mashamba ya karafuu yakatanda Unguja na Pemba, na maelfu ya watu wakaletwa kutoka bara kuyalima kwa nguvu. Wakati huohuo meli za Marekani, nyingi zikitoka Salem katika jimbo la Massachusetts, zilianza kushusha majora ya pamba isiyopaushwa, na mwaka 1833 Seyyid Said akafunga mkataba wa biashara na Marekani. Kitambaa hicho kiliitwa merikani, na jina hilo halijafa hadi leo. Merikani mpya ina rangi ya maziwa yaliyoganda, ngumu kidogo kwa kukandwa wanga. Kadiri inavyofuliwa ndivyo inavyolainika na kuwa nyeupe. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilipokatiza pamba hiyo, viwanda vya Uingereza na baadaye vya Bombay vikajaza nafasi, lakini mnunuzi wa Unguja aliendelea kuita bidhaa hiyo merikani.

Ndugu ya merikani ilikuwa kaniki, pamba nyepesi iliyochovywa nili hadi ikawa buluu ya kiza, karibu na nyeusi. Ilikuwa rahisi, haikuonyesha uchafu, na ikiwa mpya rangi yake ilishika ngozi ya aliyeivaa. Merikani na kaniki ndizo zilizokuwa nguo za mtumwa. Mwanamume alijifunga kipande kiunoni kikaishia magotini. Mwanamke alijifunga kaniki chini ya makwapa, mabega yakabaki wazi, na kichwani hakuwa na kitu, au alikuwa na ukanda mwembamba tu wa kitambaa. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyeandika kwa Kiswahili juu ya desturi za watu wake katika kitabu kilichochapishwa Ujerumani mwaka 1903, ameeleza kwamba desturi ya zamani ilimkataza mtumwa kuvaa kofia, kuvaa viatu na kuvaa nguo ndefu ya kumfunika miguu. Hata mitalawanda, vile viatu vya mti vya kuendea kisimani, haikuwa ruhusa kuivaa nyumbani kwa bwana wake.

Upande wa pili walisimama waungwana. Mwanamume alivaa kanzu nyeupe yenye darizi shingoni, kofia iliyoshonwa kwa mkono, makubadhi ya ngozi, na mkononi bakora. Mwenye cheo au mali aliongeza kisibau, joho la sufu lenye kingo za nyuzi za dhahabu, jambia kiunoni na kilemba. Namna ya kupiga kilemba peke yake ilitosha kumtambulisha mtu wa jamaa ya sultani kwa aliyejua kuangalia. Wanawake wa nyumba kubwa walivaa suruali za marinda na kanzu za hariri, na walipotoka walijifunika shela na kuvaa barakoa usoni. Salme binti Said, binti wa Seyyid Said aliyekimbilia Ujerumani na kujulikana kama Emily Ruete, aliyaeleza mavazi hayo kwa urefu katika kumbukumbu zake za mwaka 1886. Lamu walikuwa na jambo lao la pekee: shiraa, pazia pana kama hema dogo, lililochukuliwa kwa miti na wajakazi, na ndani yake mwanamke mwungwana alipita njiani asionwe na mtu. Wajakazi walioichukua walipita wakionwa na wote.

Picha hiyo ya Lamu inaonyesha waziwazi jinsi mambo yalivyokuwa. Haya ya mwanamke mmoja ilisimamishwa kwa mikono ya wanawake wengine, na hao wengine wakaambiwa kuwa hawana haya kwa sababu hawakufunikwa. Ndivyo ilivyokuwa kwa mavazi yote ya uungwana. Mtumwa alikatazwa kofia, kisha akaitwa mtovu wa adabu kwa kusimama kichwa wazi mbele ya watu. Mjakazi alinyimwa kitambaa cha kujisitiri, kisha mabega yake yakachukuliwa kuwa ushahidi wa tabia yake. Dhuluma ya namna hii hudumu kwa sababu kila anayeangalia huamini kuwa anaona ukweli kwa macho yake. Hayo yalisimamiwa na desturi zaidi kuliko askari: jicho la jirani, kicheko cha sokoni, ukali wa bwana.

Hata hivyo ukuta huo ulikuwa na nyufa, na upana wake ulionekana zaidi bara. Misafara iliyotoka Bagamoyo na Pangani kwenda Tabora, Ujiji na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika ilibeba merikani, kaniki, shanga na nguo za thamani kama debwani na sahari, na nguo zilikuwa fedha: doti moja, yaani shuka mbili, ilinunua chakula, ililipa hongo kwa watemi na ilikodi wapagazi. Wafanyabiashara walijifunza kwa hasara kwamba wateja wa bara hawakupokea kila kitu. Ushanga wa rangi iliyokwisha kupitwa, au nguo yenye pindo lisilopendwa, ulibaki mzigoni. Na watu waliotoka pwani, hata wale ambao Unguja walikuwa watumwa, walivaa kanzu nyeupe na kofia mara walipovuka mito ya bara, wakajiita waungwana, na wenyeji wakawaita hivyo. Huko Manyema, mashariki ya Kongo, wafuasi wa mfanyabiashara Tippu Tip waliovaa kanzu na kusema Kiswahili waliitwa Wangwana, na Kiswahili cha sehemu hizo kikapata jina la Kingwana. Lugha nzima ilipewa jina kutokana na hadhi ambayo wasemaji wake waliivaa mwilini.

Sheria zilikuja polepole. Mwaka 1873 Seyyid Barghash, sultani wa Unguja, alifunga soko la watumwa la mji wake kwa mkataba na Waingereza. Tarehe 6 Aprili 1897 hadhi ya utumwa ilifutwa Unguja na Pemba, lakini kila mtumwa alipaswa kwenda mwenyewe mahakamani kuomba uhuru wake, na masuria waliachwa nje ya sheria hiyo hadi mwaka 1909. Katika ukanda wa pwani wa Kenya utumwa ulifutwa mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Aliyepata uhuru alipewa hati. Hati ilikaa sandukuni, jirani hakuiona. Kilichoonekana ni nguo, na kwa hiyo jambo la kwanza ambalo maelfu ya watu walioachiwa huru walilifanya lilikuwa kubadili nguo. Unguja wengi wao walihamia Ng'ambo, upande wa pili wa kijito kilichoutenga Mji Mkongwe, wakajenga nyumba za udongo na makuti, wakatafuta kibarua cha karafuu na cha bandarini, na fedha ya kwanza iliyozidi chakula ikaenda dukani kwa Mhindi muuza nguo.

Kile walichokinunua wanawake kilikuwa kitu kipya kabisa. Inasimuliwa kwamba kanga ilianzia kwenye leso, neno lililotokana na Kireno, vile vitambaa vya mraba vya kufutia uso vilivyouzwa dukani vikiwa havijakatwa, kama utepe mrefu. Badala ya kununua kimoja kimoja, wanawake wa Unguja walinunua sita, wakaukata utepe katikati, vitatu huku na vitatu huku, wakavishona ubavu kwa ubavu wakapata shuka moja pana yenye pindo na michoro. Wenye maduka waliona, wakaagiza nguo iliyochapwa tayari kwa ukubwa huo. Nguo za awali zilikuwa na madoa meupe kwenye rangi ya kiza, zikafananishwa na manyoya ya kanga, ndege wa porini, na jina likashika. Mombasa na Lamu jina la leso halikutoka, na hadi sasa mtu wa huko husema leso pale mtu wa Dar es Salaam asemapo kanga.

Kanga huvaliwa kwa doti: moja ya kujifunga, moja ya kujitanda kichwani na mabegani. Hapo ndipo penye uzito wa jambo lenyewe. Kaniki ilikuwa moja na iliishia kifuani. Doti ya kanga ilimpa mwanamke kitambaa cha pili, na kwa kitambaa hicho alifunika kichwa na mabega yaleyale ambayo desturi ilikuwa imeyaacha wazi ili ajulikane kuwa ni mali ya mtu. Katika picha zilizopigwa na wapiga picha Wagoa wa Unguja, kama A. C. Gomes na J. B. Coutinho, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, wanawake wamesimama mbele ya pazia la studio wamejitanda kanga zenye nyota, maua, visu na korosho, wanaitazama kamera bila woga. Nyingi za picha hizo ziliuzwa kama kadi za posta kwa wageni wasiojua wanachokiona. Wenyeji walijua. Waliona mtu ambaye mama yake alivaa kaniki.

Mtindo ulikwenda mbio. Michoro ilibadilika kila meli ilipotia nanga, na mwenye duka aliyechelewa aliuza kwa hasara. Viwanda vya Uholanzi, Uingereza, Bara Hindi na baadaye Japani vilichapa kanga kwa ajili ya pwani hii peke yake, vikifuata michoro iliyotumwa na maduka ya Unguja na Mombasa. Mojawapo ni duka la Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, aliyeanza biashara mwaka 1887, na alama yake ya Mali ya Abdulla imeonekana kwenye kanga za vizazi vingi. Kanga ikapata sehemu zake tatu zinazojulikana na kila mnunuzi: pindo linaloizunguka, mji ulio katikati, na jina, yaani maneno yaliyoandikwa chini ya mji, kwanza kwa herufi za Kiarabu kisha kwa herufi za Kirumi. Kwa jina hilo nguo ilianza kusema mambo ambayo adabu ilimzuia mwanamke kuyasema kwa kinywa. Aliyevaa kanga iliyoandikwa «Hasidi hana sababu» na kupita mbele ya baraza la jirani yake alikuwa ametoa jibu, na hakuna aliyeweza kumshitaki kwa maneno. Kanga zikaingia katika kila hatua ya maisha: kisutu, ile nyekundu, nyeusi na nyeupe, ikawa nguo ya bibi harusi, na nyingine zikawa za mzazi, za zawadi kwa mama mkwe, za kumbebea mtoto mgongoni, za kufunikia maiti.

Baada ya kanga likaja buibui. Shuka hilo jeusi, pana, lililomfunika mwanamke kutoka utosini hadi miguuni, na ukaya wa kufunika uso, liliingia kutoka kusini mwa Uarabuni mwanzoni mwa karne ya 20, likavaliwa kwanza na wenye uwezo. Katika muda wa miaka isiyofika 30 lilikuwa limeenea kwa wanawake wa kila tabaka mjini Unguja, pamoja na wajukuu na mabinti wa watumwa. Wageni wengi walilichukulia buibui kuwa pingu. Kwa mwanamke ambaye mama yake alipita sokoni mabega wazi akiisoma hukumu machoni pa kila mtu, lilikuwa na maana tofauti kabisa. Ndani ya buibui hapakuwa na binti wa mtumwa na binti wa bwana. Palikuwa na mwanamke mwenye staha, na mpita njia alilazimika kumwachia njia bila kujua ni wa nani. Shiraa ilidai wajakazi wa kuichukua, na ilififia pamoja na utumwa. Buibui mtu alijivalia mwenyewe.

Macho ya zamani hayakufumba kwa siku moja. Hakuna mtu ambaye maisha yake yanalionyesha hilo kuliko Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, kusini mwa Unguja, karibu mwaka 1880, wazazi wake wakiwa watumwa wenye asili ya bara, akauza vyungu kwa miguu kijiji hadi kijiji, kisha akahamia mjini mwaka 1911. Sauti yake ilimfikisha majumbani kwa matajiri na kwenye jumba la sultani, na mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, akawa wa kwanza kuipeleka taarabu ya Kiswahili katika sahani. Waliomwonea choyo walimtungia wimbo wa kumkumbusha alikotoka, na katika masimango yote waliyoweza kuyapata walichagua nguo: kwamba alitoka shamba amejifunga kaniki. Miaka 30 baada ya sheria ya 1897, kaniki ilikuwa bado tusi. Siti alijibu kwa wimbo wake mwenyewe, hoja yake ikiwa kwamba sura na nasaba si kitu, kitu ni akili. Shaaban Robert aliyaandika maisha yake katika Wasifu wa Siti binti Saad, na kitabu hicho kikasomwa shuleni na vizazi vya Watanzania.

Hesabu za serikali zinaonyesha kwamba mabadiliko ya nguo yalikwenda sambamba na mabadiliko ya majina. Katika sensa ya mwaka 1924 watu wengi wa Unguja na Pemba walijiandikisha kuwa Waswahili, jina ambalo kwa wakati huo lilikuwa limeanza kunukia utumwa. Katika sensa ya 1931 waliojiita hivyo walikuwa wamepungua mno, na Washirazi na makabila mengine ya visiwani yalikuwa yameongezeka. Mtu aliyekwisha kuvaa kiungwana alitaka na jina linalolingana na vazi lake.

Kwa wanaume kofia ndiyo iliyobeba uzito uliobebwa na kanga kwa wanawake. Kofia ya mkono ina sehemu mbili, kifuniko cha duara juu na ukanda wa kuzunguka kichwa, na uzuri wake uko katika vitobo vidogo vilivyozungushiwa uzi kimoja kimoja hadi vikatoa maua, nyota au mawimbi. Mshonaji huchora kwanza kwa kalamu juu ya bafta nyeupe, kisha hutoboa na kuzungushia uzi, na kofia nzuri humchukua wiki nyingi. Kazi hiyo imewalisha wanawake wengi waliokaa ndani, kwa kuwa iliweza kufanywa mkekani wakati wa mapumziko na kuuzwa kwa mkono wa ndugu. Kwa aliyekatazwa kofia, kuvaa kofia ya vitobo iliyofuliwa na kupigwa pasi siku ya Ijumaa kulimaliza habari nzima. Kofia hiyo ilivuka bahari pia: Waomani wengi hukubali kwamba kumma, kofia ya vitobo inayovaliwa leo na wanaume na wavulana kote Omani, ina asili yake katika pwani ya Afrika Mashariki.

Kanzu nayo ilisafiri, na safari yake inafundisha kwamba nguo haina tabia yake yenyewe. Inapewa na wanaoitazama. Wafanyabiashara wa pwani walifika Buganda katikati ya karne ya 19, na kanzu ikapendwa katika jumba la Kabaka. Haikuchukua muda ikavaliwa na machifu, kisha na Wakristo kama Waislamu, na leo mwanamume wa Kiganda huivaa na koti juu yake aendapo kuposa, ikiwa na darizi ya rangi ya damu ya mzee kifuani. Kule ni nguo ya heshima ya taifa zima. Nairobi mambo yalikuwa kinyume. Katika nyumba za walowezi na katika mahoteli makubwa ya enzi ya ukoloni, kanzu nyeupe, mahazamu nyekundu kiunoni na tarbushi kichwani ndiyo iliyokuwa sare ya mtumishi wa mezani. Vazi ambalo Mombasa lilimkaribisha mtu barazani, Nairobi lilimsimamisha nyuma ya kiti akishika sinia. Na Mwafrika aliyekuja na suti, viatu na kola, akiwa ametoka misheni, mara nyingi alichukiwa na walowezi hao kwa jambo hilo hilo: alikuwa amevaa nguo inayosema kwamba yeye ni mwenzao.

Vijana wa miji walilijua hilo, wakalicheza ngomani. Beni, ngoma iliyoanzia miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19 na kuenea hadi Tanga, Dar es Salaam na bara, ilikuwa ngoma ya tarumbeta, gwaride na sare. Wanachama walivaa kijeshi, wakapeana vyeo vya kingi, jenerali na daktari, wakashindana kwa unadhifu kama walivyoshindana kwa nyimbo. Tanga na Dar es Salaam kulikuwa na pande mbili, Marini na Arinoti, na Marini walijihesabu kuwa ndio wenye asili na elimu. Wanawake walikuwa na vyama vyao vya lelemama na vya ngoma nyingine, na kila chama kilinunua kanga ya namna moja kwa siku ya mchezo. Vyama hivyo vilikuja kufanya kazi isiyotazamiwa. Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma mjini Dar es Salaam, alipoanza mwaka 1955 kuwaandikisha wanawake katika TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika, alipita kwenye vikundi vya ngoma, na wanawake wakaja mikutanoni na sare zao walizokwisha kuzizoea.

Uhuru ulileta wasimamizi wapya wa mavazi. Mwalimu Nyerere, rais wa kwanza wa Tanzania, alionekana katika miaka ya mwanzo na kofia ya balaghashia, ambayo jina lake huhusishwa na Seyyid Barghash, kisha katika ile suti nyepesi isiyo na tai iliyoitwa Chou En-lai, jina la waziri mkuu wa China aliyezuru Tanzania mwaka 1965. Kiongozi aliyevaa hivyo alitaka asomwe kuwa mtu wa kazi. Hilo lilieleweka na kupendwa. Lakini serikali na chama havikuishia kwenye mfano. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ilianzishwa kampeni ya kuwalazimisha Wamasai kuacha lubega na kuvaa suruali, kwa hoja kwamba vazi lao linaonyesha kuwa wako nyuma. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha Operesheni Vijana, iliyopiga marufuku sketi fupi, mawigi, dawa za kujichubua na suruali za kubana kuanzia Januari 1969. Hata kabla ya siku hiyo vikundi vya vijana viliwazonga na kuwachania nguo wanawake katika vituo vya mabasi Kariakoo. Waliofanya hivyo walisema wanalinda utamaduni wa Mwafrika. Ukweli ni kwamba walirudia kosa la zamani kwa jina jipya: walimtazama mwanamke nguo, wakaamua wameona tabia yake, na wakajipa haki ya kumwadhibu kwa waliyoyaona. Makarani na wanafunzi waliovaa sketi hizo walikuwa wanawake wa kwanza wa kizazi chao kuishi mjini kwa mshahara wao wenyewe, na hilo liliwaudhi wengi kuliko urefu wa sketi. Nchini Uganda Idi Amin alitoa amri ya namna hiyo mwaka 1972.

Mwaka 1968 pia kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilianza kazi Dar es Salaam, na kanga zikachapwa nchini. Katikati ya miaka ya 1980 biashara iliporuhusiwa, mitumba ikaingia kwa wingi, na kwa mara ya kwanza fundi makenika na mwalimu wa chuo wakawa wanachagua shati kwenye lundo moja. Unguja na Mombasa buibui la zamani likaanza kuachia nafasi mabuibui ya kufunga mbele na abaya kutoka Dubai na Omani, zenye nakshi na vito, na bei ikarudi kuwatenga waliofunikwa.

Kanga imebaki nguo ya wote. Mwanamke aendapo msibani, awe mke wa waziri au muuza mihogo, hujitanda kanga na kuketi mkekani pamoja na wengine, na atakayefika na gauni peke yake hutafutiwa kanga ya kuazima mlangoni. Kaniki nayo bado inauzwa. Hununuliwa zaidi kwa shughuli za waganga na ngoma za pepo, na vijana wengi wa mjini wanaoijua kwa jina hawajui kwamba ilikuwa nguo ya mtumwa.